Baba Mdogo wa Shenby

Shemeji yangu Clement Orton hakuwa mtu wa kupendeka. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nimekaa hapa kumlilia. Mdomo wake ulikuwa mchungu kama shubiri. Chai aliinung'unikia kabla hajaionja, na ukimtembelea Jumapili alikutazama viatu kwanza, uso baadaye. Mdogo wangu Lorna alipotuambia nyumbani kwamba ataolewa naye, mama aliuliza:

"Yule mwenye mgongo?"

"Kila mtu ana mgongo, mama," Lorna akajibu. Mjadala ukaishia hapo.

Clement alizaliwa amenyooka kama sisi. Mgongo ulianza kumpinda alipobalehe, mwaka ule ambao wavulana hurefuka ghafla na suruali zao huwa fupi. Bega la kulia likapanda, la kushoto likashuka, uti wa mgongo ukajikunja katikati kama njia ya mlimani. Hospitali ya mjini walimfunga ndani ya gamba la plasta miezi kadhaa, wakalitoa, wakamwambia mama yake kwamba hautapinda zaidi ya hapo. Nguvu alikuwa nazo. Alipanda miti, alikimbia, alipigana. Laiti tungeishi kwingine, pengine angekuwa tu kijana mwenye bega moja juu.

Lakini sisi ni watu wa Shenby, kijiji cha Uingereza. Kiwanja cha vita alipouawa Mfalme Richard wa Tatu hakiko mbali na kwetu. Unatoka kwa baiskeli baada ya chakula cha mchana, unarudi chai haijapoa. Kwa hiyo mfalme yule ni wetu, tutake tusitake. Watoto wa Shenby walimfahamu kabla ya kujua kusoma. Mfalme wa nguo nyeusi, anachechemea, mkono mmoja umekauka, kigongo begani. Aliyewafungia ghorofani watoto wawili wa marehemu kaka yake, kisha akawamaliza ili taji liwe lake. Baba mdogo aliyewaua wanawe. Tulimwona kwenye vitabu vya picha, kwenye vikaragosi vya maonyesho ya kijiji, kwenye sinema siku za mvua, na kila alipotokea tulimzomea. Kwetu kuzomea ni sehemu ya starehe. Mtu mbaya akiingia jukwaani, hata bibi kizee wa kwaya anatoa sauti ya nyoka.

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu wa historia, Gadsby, mtu wa meno makubwa na furaha nyingi. Mwaka ule Clement alipotolewa plasta, Gadsby alijitungia mchezo wake mwenyewe juu ya mfalme yule, wa kuonyesha wazazi mwisho wa muhula. Akamchagua Clement awe mfalme. Clement akafurahi! Alikimbia nyumbani na habari hiyo. Mama yake alikata pazia jeusi akamshonea joho. Mwenyewe alidhani amechaguliwa kwa sababu ya sauti, maana sauti yake ilikuwa nzuri, nzito kuliko umri wake. Akajifunza maneno yote, ya kwake na ya wenzake.

Jioni ya onyesho, akiwa nyuma ya pazia, alimsikia Gadsby akimwambia mwalimu mkuu, "Na faida nyingine, huyu hatuhitaji kumwekea mto mgongoni."

Wakacheka wote wawili. Clement akaingia jukwaani. Ukumbi mzima ukamzomea, na baba yangu mimi alikuwa mmojawapo, na hakuna aliyeona ubaya maana ndiyo desturi. Mwishoni akaja Barrie Tansley, mwana wa mwenye bucha, akiwa mshindi wa vita mwenye upanga wa mbao na nywele za dhahabu, akamchoma, akamkanyaga kifuani, watu wakapiga makofi hadi vumbi likadondoka darini.

Kesho yake uwanjani Barrie alimlaki kwa sauti ya juu: "Baba Mdogo! Baba Mdogo, watoto wako wapi?"

Jina likaganda. Wenzetu mna methali, hujafa hujaumbika, na mnaiheshimu angalau kwa mdomo. Shenby hatuna hata hiyo. Mtu mzima na ndevu zake aliitwa Baba Mdogo barabarani, kwenye foleni ya posta, kanisani. Wengine waliongeza Kibyongo ili asiyefahamu aelewe.

Alipoacha shule alikwenda Hinckley, kwenye kiwanda cha soksi, akawa fundi wa mashine za kufumia. Huko ndiko tulikofanya kazi mimi na Lorna, tunaunga vidole vya soksi, wasichana arobaini kwenye chumba kimoja chenye kelele. Mafundi wengine walikuja kutengeneza mashine na kutafuta mchumba kwa safari moja. Clement alikuja kutengeneza mashine. Siku ya kwanza alimwambia mdogo wangu:

"Mashine yako inalia kwa sababu unaiendesha kama punda."

"Nami nitalia nikiendeshwa na wewe," Lorna akamjibu.

Hakucheka, lakini masikio yalimwiva. Mwaka uliofuata walioana. Siku ya harusi Barrie Tansley, ambaye hakualikwa, alipita na gari la bucha akapiga honi mbele ya kanisa, akatoa kichwa dirishani. "Bibi harusi, wafiche watoto wa ndugu zako!"

Lorna na Clement hawakujaliwa watoto. Mimi nilijaliwa wawili, wa kiume wote, Duncan na Keith. Hapo ndipo nilipoanza kumwona shemeji yangu vingine. Mtu yule aliyenuna hata siku ya Krismasi, akiwaona wanangu alikuwa mtu mwingine. Aliwaundia kigari kwa magurudumu ya mashine mbovu. Aliwabeba, mmoja huku mwingine kule, na Duncan aligombea bega la kulia kila siku kwa sababu, alisema, lile lina kiti. Clement aliniambia, "Shemeji, mwanao ndiye mtu wa kwanza kupata faida kwenye mgongo huu."

Wanangu wakiwa bado wa shule ya chekechea, mama wa mume wangu alifariki Nottingham. Ilitubidi twende, tulale huko siku mbili tatu. Tulikuwa tumekaa nje ya baa Jumapili, familia nzima, nikawa nampangia Lorna nguo za watoto na saa zao za kulala. Barrie alikuwa meza ya jirani na wenzake. Wakati huo bucha ilikuwa yake, baba yake amestaafu, na tumbo lake lilishaanza kumtangulia.

"Avril!" akaniita. "Wewe mama gani? Unamwachia Baba Mdogo watoto wawili wa kiume?"

"Kunywa bia yako, Barrie."

"Nakunywa. Nakushauri tu. Mwambie asiwapandishe ghorofani. Wa mwanzo hawajashuka mpaka leo!"

Baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja aligonga meza. Nilisimama nikamwambia Barrie kwamba mdomo wake unanuka kuliko ndoo yake ya matumbo, na mume wangu alisimama pia, lakini Clement hakusimama. Keith alikuwa amekaa pajani pake, anakula vibanzi. Clement akamwinua taratibu, akamweka chini, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Akaweka glasi yake mezani, ikiwa na bia zaidi ya nusu, akaondoka kwa miguu.

Watoto walilala kwa Lorna siku hizo. Clement alilala bandani, kwenye kochi bovu, kati ya spana na makopo ya rangi.

Tangu hapo hakukaa tena peke yake na mtoto, awe wangu awe wa nani. Wakiingia, yeye anatoka. Duncan alikuwa akimkimbilia amekunjua mikono, naye anarudi nyuma hatua moja, anasema, "Nenda kwa mama mdogo wako." Mara ya kwanza mtoto alidhani ni mchezo. Baadaye akaacha kumkimbilia. Wanangu walikua wakijua kwamba mume wa mama yao mdogo hawapendi, na mimi nilipojaribu kumsema, Lorna alinizuia.

"Dada, mwache. Anasema hataki watu wapate la kusema."

"Watu watasema tu!"

"Anajua. Lakini hataki liwe la kweli hata kidogo."

Miaka ikaenda hivyo. Kiwanda kikafungwa, soksi zikawa zinatoka kwingine. Clement akawa anatengeneza mashine za kukatia majani za watu, na kuwatukana kwa namna walivyozitumia. Na Barrie akatajirika. Lazima niseme hilo pia. Nyama yake ilikuwa nzuri, pai zake za nguruwe zilijulikana mpaka Coventry, na alikuwa na ule ucheshi ambao watu huuita moyo mzuri wakiwa hawajawahi kuwa wao wanaochekwa.

Ndipo wakampata mfalme.

Mnakumbuka habari zile. Dunia nzima ilizisikia. Wachimbaji walifukua chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, wakakuta mifupa, wakaipima, wakasema ndiye. Siku walipoionyesha kwenye televisheni nilikuwa kwa Lorna. Walikuwa wameilaza mezani juu ya kitambaa cheusi, kuanzia fuvu mpaka miguu, na katikati uti wa mgongo ulikuwa umejikunja. Mtaalamu akaeleza: mkono haukukauka, hakuchechemea, hayo yalikuwa maneno ya maadui zake. Ila mgongo, ndiyo, ulipinda tangu alipobalehe.

Clement alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Aliangalia mpaka picha ikaondoka.

"Bega la kulia," akasema, akarudi bandani.

Basi Shenby ikageuka ndani ya wiki moja. Mfalme yuleyule ambaye baba zetu walimzomea na babu zetu walimzomea akawa marehemu wetu mpendwa. Masikini, alisingiziwa. Masikini, alikuwa jasiri. Watu walikuja kwa mabasi kutoka nchi za mbali wakasimama kwenye mashamba ya watu wakilia. Waridi jeupe, nembo ya ukoo wake, kila dirisha. Barrie akatengeneza pai yenye taji juu, akaining'iniza picha ya mfalme dukani kwake, mfalme mzuri sasa, macho ya huruma, mabega sawasawa. Na katika watu wote wale waliogundua kwamba si vizuri kumcheka mtu kwa mgongo wake, je, kuna hata mmoja aliyevuka barabara akamwambia Clement Orton samahani? Thubutu!

Aliyekuja alikuwa Bi Philippa Cope. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mgeni kijijini, ametoka kusini na vitabu vyake na skafu zake ndefu. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo na alikuwa ameandika mchezo mpya kwa ajili ya sikukuu ya kiangazi, uwanja wa kriketi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti cha Lorna, mikono magotini.

"Bwana Orton, nimekuja kukuomba jambo zito kidogo."

"Kama ni mto," Clement akasema, "tunao. Lorna, mpe mto."

"Samahani, mto gani?"

"Si unamtafutia mfalme kigongo?"

Mama wa watu aliwiva uso. Lakini hakukimbia, nampa heshima yake. Akasema, "Nimesikia sauti yako ukimfokea mtu wa posta. Ni sauti nzuri. Na nisikudanganye, ndiyo, nimeuona na mgongo wako pia."

"Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Ila aliacha karatasi za mchezo mezani, kwa kusahau au kwa makusudi.

Siku tatu hivi baadaye, Clement akaja kwangu. Hakuwahi kuja kwangu peke yake katika maisha yake. Alisimama jikoni, kofia mkononi, akakataa kukaa.

"Shemeji, nikusomee kitu."

Akasoma. Ilikuwa ni pale mfalme anapokaa na askari wake kabla ya vita, mmoja anamuuliza juu ya wale watoto. Naye anajibu kwamba wale walikuwa damu ya kaka yake. Kwamba aliwabeba mabegani wakiwa wadogo. Kwamba hakuwagusa, na kwamba atakufa bila kuaminiwa. Clement alisoma polepole, na ile sauti ya darasani ilikuwa bado imo, imezeeka tu. Alipomaliza, maji yalikuwa yanachemka jikoni kwangu na sikuwa na habari nayo.

"Nikiyasema haya mbele yao," akaniuliza, "wataniamini?"

"Watamwamini mfalme, Clem. Wewe sijui."

Akafikiri. "Si haba," akasema.

Alikubali kwa sharti moja. Kwenye mchezo, kama katika historia, mfalme akishauawa maiti yake inavuliwa nguo na kubebwa kwa aibu mbele ya watu. Clement alisema shati lake halitoki. Wamkokote, wamtemee mate, wamfanye watakavyo, lakini shati halitoki. Philippa akaapa mbele ya kikundi kizima. Barrie naye alikuwepo, maana mshindi wa vita alikuwa yeye tena. Tangu shuleni hakuna aliyethubutu kumnyang'anya nafasi ile, ingawa nywele za dhahabu zilishabaki hadithi.

"Mimi nina shida gani na shati lako, mfalme wangu?" Barrie akasema, mkono kifuani. "Hata sabuni yake siijui bei."

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, joto la kweli, la kuyeyusha lami. Uwanja ulijaa. Mahema ya bia, stroberi na krimu, watoto wamepakwa rangi usoni, wageni na kamera zao. Wanangu walikuja na wake zao na watoto wao. Duncan kutoka Coventry, Keith kutoka Derby. Tulikaa safu ya pili. Lorna hakukaa, alisimama pembeni karibu na kamba, mkoba kifuani.

Clement alipotoka na taji la shaba, wazee wawili watatu walianza kuzomea kwa mazoea. Watu wakawanyamazisha. Akaigiza. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya, nikajikuta nimesahau kuona haya. Alipofika pale pa watoto, alivua taji akaliweka kwenye nyasi, akasema maneno yale bila kupaza sauti, na uwanja mzima ukamsikia. Hakumtazama askari aliyemuuliza. Alitutazama sisi. Duncan aliacha kutafuna. Nilisikia upepo kwenye turubai la hema, na mahali fulani mtoto mchanga, basi.

Kama yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Vita vikaja. Mbao zikagongana, watu wakaanguka, moshi wa bandia ukapulizwa. Clement akafa vizuri, kwa goti moja kisha la pili. Wakamweka kifudifudi juu ya rukwama, mikono inaning'inia, wakaanza kumzungusha mbele ya watazamaji. Barrie alitembea kando ya rukwama, ngao mkononi, akipungia umma. Alikuwa kwenye hema la bia tangu adhuhuri. Kila mtu alimwona. Watu walikuwa kimya bado, kimya cha heshima, na nadhani hicho ndicho kilichomuuma. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumfia Barrie Tansley mikononi na watu wasicheke.

Mbele yetu hasa akasimamisha rukwama. Akashika ukosi wa shati la Clement kwa mikono miwili, akalichana mpaka kiunoni.

"Tazameni, Shenby!" akapaza sauti. "Kitu halisi hicho, hakuna mto!"

Jua lilikuwa kali, na mgongo ule ulikuwa mweupe kama unga, maana haukuwahi kuona jua tangu utoto. Mbavu za upande mmoja zimetokeza, upande mwingine zimezama. Simu zikainuliwa. Kisha Barrie akainama, akaweka mkono wake juu ya bega lile la kulia, kama anamsalimia rafiki.

"Baba Mdogo," akaimba, "watoto wako wapi?"

Na watu wakacheka. Si wote. Lakini walicheka wa kutosha.

Maiti ikainuka. Nilimwona Clement akishuka kutoka kwenye rukwama bila haraka, akichukua ngao ya mbao kutoka mkononi mwa Barrie, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akaivuta nyuma, akampiga nayo mdomoni. Barrie akakaa chini kwenye nyasi. Watu wakashangilia! Walidhani ni mchezo. Walipiga makofi, mtu akapiga mluzi, na Philippa masikini alikuwa anapekua karatasi zake kutafuta ni wapi alipoandika hivyo. Mpaka Barrie alipotema meno mawili kiganjani na kuyatazama, ndipo makofi yakafa, kwanza mbele, kisha nyuma.

Clement alitazama safu zote, polepole, kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule. Akatupa ngao, akapita katikati yetu, akatoka uwanjani kwa lango kubwa, mgongo wazi, akafuata barabara kuu ya kijiji kwenda nyumbani. Lorna alikwenda nyuma yake. Na Duncan wangu, mtu wa miaka thelathini na ushee, akaruka kamba akawafuata mbio huku anavua koti.

"Baba mdogo, vaa hili."

"Sina baridi."

"Watu wanatazama."

"Waache. Wamelipa kiingilio."

Duncan akatembea naye hivyo hivyo, koti mkononi. Aliniambia baadaye kwamba walipofika kwenye kona ya posta Clement alimuuliza, "Ulidhani nakuchukia?" Akajibu, "Ndiyo, siku zote." Clement akaguna. Wakafika nyumbani, akamwonyesha mashine ya kukatia majani aliyokuwa anaitengeneza, wakakaa bandani mpaka jua linazama. Hicho ndicho nilichopewa. Mengine sikuambiwa na sikuuliza.

Polisi aliyekuja alikuwa binti mdogo, mpole, na daftari lake.

"Mzee Orton, ulimpiga Bwana Tansley?"

"Nilikuwa maiti."

"Unasemaje?"

"Uliza uwanja mzima. Nilishakufa. Wewe umesoma sheria. Maiti anashtakiwa kwa kifungu gani?"

Yule binti aliuma mdomo akatazama dirishani. Lakini Clement hakuwa mwongo. Akasema mwenyewe, "Andika nilimpiga. Andika na kwamba alistahili."

"Hilo la pili siwezi kuliandika, mzee."

"Basi andika nilimpiga vizuri."

Akapewa onyo la polisi. Barrie alitaka zaidi, lakini picha za shati likichanwa zilikuwa kwenye simu za nusu ya kata, na wakili wake alimshauri anyamaze. Philippa aliita kikao kwenye ukumbi wa kanisa ili, alisema, jamii ipone. Akatukalisha kwenye duara. Barrie alikuwa na pengo mbele na maneno yalimtoka na upepo.

"Ulikuwa utani," akasema. "Miaka hamsini namtania, leo ndiyo anakasirika?"

"Utani ni wa watu wawili," Clement akasema. "Nitajie siku niliyocheka."

"Wewe hujawahi kucheka na mtu yeyote!"

"Na unajua kwa nini?"

Philippa akainua mikono. "Tafadhali. Kila mmoja amwombe mwenzake radhi, tuyamalize."

"Mimi sitaki radhi yake," Clement akasema. "Na yangu hapati. Lorna, kofia yangu."

Wakaondoka. Nikabaki mimi, na kwa kuwa Philippa alisema kila mtu aseme kilicho moyoni, nikamwambia Barrie kilicho moyoni, chote, tangu mwaka wa baa, na sitakirudia hapa kwa sababu wajukuu wangu watasoma. Mwisho nikamwambia kwamba meno mawili ni machache.

Msidhani kijiji kilijirekebisha. Wanawake kadhaa tuliacha kununua nyama kwake, tukawa tunapanda basi kwenda Hinckley, lakini mabasi ya wageni yaliendelea kuja na pai za taji ziliendelea kutoka. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Clement ni mwendawazimu aliyeharibu sikukuu, na kwamba masikini Barrie alizidiwa na bia tu. Hao tunapishana nao barabarani bila salamu. Mchezo wa mfalme haukurudiwa tena. Philippa aliandika mwingine juu ya mtakatifu fulani aliyeishi na bata, hakuna aliyekuja.

Na Clement hakuwa mtamu. Amezeeka sasa, mgongo unambana mapafu, akipanda ngazi anasimama katikati. Bado analalamikia chai. Amegombana na jirani kuhusu ua wa miti kwa miaka minne na anakusudia kushinda. Mwezi uliopita nilikuwa kwao wageni wawili walipomsimamisha langoni, mume na mke, wamevaa fulana za waridi jeupe. Yule mama alishika moyo wake.

"Samahani bwana, tunaweza kupiga picha na wewe? Unafanana naye kabisa!"

"Na nani?"

"Mfalme!"

"Umewahi kumwona?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nenda ukamwone, yuko kanisani Leicester. Mimi nina kazi."

Akawafungia lango. Wakabaki pale wanatazamana, kisha wakaipiga picha nyumba. Ndani, Lorna alikuwa ameshaweka viazi mezani, akamwambia afute miguu, naye akauliza kwa nini viazi havina chumvi wakati hajavionja.